Ndege na Makimbilio Yao (4): Ziwa Dogo Siku ya Dhiki

Katika sehemu tatu zilizopita tumezungumzia ndege wahamao watokao Ulaya na Asia, njia yao ya Bonde la Ufa, na tofauti kati ya hifadhi ya taifa, msitu wa hifadhi na eneo la Ramsar. Leo nilikusudia kuingia Msitu wa Nou. Habari za heroe zimenifanya niahirishe safari hiyo.

Aprili 2024, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania, waliyoyafuatilia kwa picha za setilaiti kwa zaidi ya miaka 20. Chakula cha heroe mdogo, yule flamingo wa rangi ya waridi, kinapungua. Mvua zimezidi, maziwa yamejaa, magadi yamezimuliwa, na mwani mdogo ambao ndege huyu huuchuja kwa mdomo alioupindua majini haustawi kama zamani. Watu wa wilaya ya Hanang hawahitaji kuhadithiwa maana ya mvua kupita kiasi. Desemba 3, 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia mji wa Katesh na vijiji jirani, likaua watu zaidi ya 80.

Je, heroe akikosa chakula Ziwa Manyara au Ziwa Natron, aende wapi? Jibu limo katika kisa ambacho sichoki kukisimulia, na ambacho kila mwanafunzi wa Tanzania angepaswa kukijua.

Hadi katikati ya karne iliyopita wataalamu waliwaona heroe kwa malaki katika maziwa yetu, lakini hawakujua kwa hakika wanakotagia. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo katika Kenya ya kikoloni, aliviona viota kutoka angani, katikati ya Ziwa Natron. Akaamua kuvifuata kwa miguu. Ukoko wa magadi ulimpasukia, akazama kwenye tope la moto, viatu vikajaa magadi yanayounguza. Alirudi nyuma akijikokota, miguu imebabuka, akalazwa hospitalini kwa wiki kadhaa na kupandikizwa ngozi. Mahali palipokaribia kumuua mtu ndipo heroe analea kifaranga chake kwa amani, kwa kuwa fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope lile. Mwenyezi Mungu alimjengea ndege huyu boma lisilohitaji askari.

Lakini boma hilo nalo lina siku yake ya kushindwa. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililifurikisha Ziwa Natron, na vilima vya tope ambavyo heroe hutagia juu yake havikuweza kujengwa. Ndege zaidi ya milioni moja wakahamia Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Magadi haikuwa hifadhi ya ndege. Lilikuwa ziwa la kampuni, likichimbwa magadi tangu mwanzoni mwa karne hiyo. Huko maji yalipokauka, magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga yakawa pete nzito kama pingu, wakashindwa kutembea. Wapenzi wa ndege, akiwemo mpigapicha Alan Root, waliingia ziwani wakavunja pete hizo kifaranga kimoja kimoja. Takribani vifaranga 27,000 walifunguliwa kwa mikono ya binadamu.

Tafakari hilo, msomaji. Mwaka ule uzao wa heroe wa Afrika Mashariki uliangukia ziwa ambalo hakuna aliyelitangaza kuwa la ndege. Kama lingekuwa limekaushwa au limeharibiwa, wangekimbilia wapi?

Ndiyo maana nawaambia viongozi wa wilaya za Mbulu na Hanang: msiyadharau maziwa yenu. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara ilianzishwa 1960, na Natron iliingia orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2001. Tanzania ina maeneo manne ya Ramsar. Maziwa yenu ya Balangida, Basotu na Tlawi hayamo. Hata hivyo heroe hutua Balangida, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mwaka ambao maji na magadi yamekaa sawa. Mwaka mwingine ziwa hukauka, likabaki jeupe la chumvi, na mpita njia hudhani halina kazi. Basotu lina viboko, minandi na korongo. Tlawi linawapa ndege maji baridi karibu kabisa na mji wa Mbulu.

Wapo watakaosema mila zinatosha kuyalinda. Wabarabaig, wafugaji wa huku, wameheshimu bung'eda, makaburi ya wazee wao, kwa vizazi vingi bila uzio. Lakini mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, yalipotwaa uwanda wa Basotu, trekta zililima hadi juu ya makaburi hayo. Heshima isiyoandikwa haikuwazuia wenye hati. Na hati isiyo na wazee nyuma yake huishia kuwa karatasi kabatini. Ziwa linahitaji vyote viwili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Halmashauri zipime mita hizo na kuziwekea alama, zianzie Tlawi na Basotu ambako majembe yanakaribia maji. Vijiji viyaandike maziwa katika mipango yao ya matumizi ya ardhi, na wachimba chumvi wa Balangida waketi kwenye kamati, kwa sababu wao ndio wanaolijua ziwa lile mwezi kwa mwezi. Kulinda ziwa mwaka ambao halina ndege hata mmoja ndiko kulinda ndege kwenyewe, na taifa lisiloweka akiba kwa viumbe wake halitaweza kuwaeleza wajukuu lilikuwa likingoja nini.

Juma lijalo: Msitu wa Nou.