Homa Si Ugonjwa Mmoja, Wala Degedege Si Ndege

Kila mwaka wanafunzi wapya wanapoingia katika darasa langu la semantiki, huwauliza swali ambalo wao huliona jepesi mno kwa watu wa chuo kikuu: homa ni nini? Aliyelelewa Nairobi aghalabu hujibu kwamba ni mafua, yaani pua kuvuja na chafya zisizokoma. Mwenzake wa Mombasa au Lamu humcheka. Kwake homa ni joto jingi la mwili. Naye aliyetoka kandokando ya Ziwa Viktoria husema homa ni malaria, kisha hushangaa kwamba mtu mzima anauliza jambo kama hilo.

Kwa mwanaisimu hiyo ni neema tupu. Neno tulilolipata katika Kiarabu, likiwa na maana ya joto la mwili, limezaa maana tatu katika nchi moja. Lakini neno hilo hilo hutamkwa pia mbele ya muuza dawa, na huko kila maana huwa na vidonge vyake. Mama wa Malindi akimwambia muuguzi aliyekulia Nyeri kuwa mtoto "ana homa tangu juzi", yamkini mmoja anazungumzia mwili unaochoma kama kaa la moto na mwingine anafikiria kamasi.

Joto la mwili ni dalili. Hutuarifu kwamba mwili unapambana na kitu, wala halitutajii kitu chenyewe. Huenda ikawa ni malaria, inayosababishwa na kimelea kinachoenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Huenda pia ikawa nimonia, homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, au hata maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo hayana uhusiano wowote na mbu. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo anayemeza dawa za malaria nyumbani huku shingo ikikakamaa anapoteza saa ambazo hazirudi.

Mfano wa Mombasa unafaa kuzingatiwa. Mji huo ulikumbwa na dengi mwaka wa 2013, na tena mwaka wa 2017 na wa 2021. Dengi huletwa na virusi, na mbu wake, edesi, huuma zaidi mchana. Mgonjwa hupatwa na joto kali, kichwa humuuma, macho humuuma kwa nyuma, na viungo huwa kana kwamba vimepondwa. Dawa za malaria hazimsaidii, na aspirini yaweza kumzidishia hatari ya kutokwa na damu. La ajabu ni kuwa Waswahili walikuwa na jina la maradhi haya zamani: kidingapopo. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba jina la kimataifa la dengi lenyewe lilichipuka katika neno hilo. Sisi tumelitupa, tukabaki kuita kila kitu homa, au malaria.

Ikiwa neno homa hukusanya yasiyo ya kukusanywa, neno degedege hutenda kinyume: hutenga yasiyo ya kutengwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mtoto anapokakamaa ghafla, macho yakapinduka na mikono ikatetemeka, wengi husema ana degedege, au nyuni. Nyuni ni ndege, na dege ni ndege mkubwa. Imani iliyofungwa ndani ya majina hayo ni kuwa mtoto amepitiwa na ndege, au na pepo mwenye umbo la ndege. Kwa sababu hiyo joto la jana linahesabiwa kuwa kitu kimoja na mtukutiko wa leo kitu kingine: la kwanza ni la hospitali, la pili ni la mganga. Wapo wazazi waliokataa kabisa mtoto adungwe sindano, wakiamini kuwa itamuua.

Ukweli ni kwamba joto na mtukutiko mara nyingi ni hatua za safari moja. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano aweza kutukutika kwa sababu ya homa yoyote kali, na mara nyingi hapati madhara ya kudumu. Hata hivyo, mtukutiko huo huo waweza kuwa ishara ya malaria iliyofika kwenye ubongo, ambayo huua kwa muda mfupi. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, kisha mkimbize hospitalini. Miongoni mwa wanaonusurika malaria ya ubongo, wapo wanaobaki na kifafa, udhaifu wa viungo, au matatizo ya usemi na ya kujifunza. Mwalimu wa darasa la kwanza huwapokea miaka michache baadaye na pengine huwaita wazito.

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidoleni na kama robo saa ya subira. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, ugonjwa bado upo. Kilichobaki ni kuutafuta. Klorokwini ilitushinda mikononi, na Kenya ikaiacha mwaka wa 1998 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Dawa za sasa za artemisinini nazo zimeanza kuonyesha dalili za kuzoewa, ikiwemo katika nchi jirani za Rwanda na Uganda. Seuze tukizimeza kwa kila chafya!

Walimu wenzangu wa Kiswahili, katika orodha za msamiati wa maradhi tunazowapa wanafunzi, homa, kikohozi, kuhara na degedege hupangwa safu moja na malaria, pumu na kisukari, kana kwamba yote ni ya aina moja. Jaribuni kuchora safu tatu ubaoni: dalili, ugonjwa, chanzo. Wape wanafunzi maneno hayo wayapange wenyewe. Watakapofika kwenye homa patazuka ubishi mkubwa. Msiukatize mapema.