Kompyuta Isiyotoa Sauti Haijafa

Kompyuta ya zamani ikikosa sauti au mtandao baada ya kuwekewa Windows upya, usikimbilie kumlipa fundi. Huenda imekosa draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kutumia kifaa chake.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Kifaa chenye alama ya njano kibofye mara mbili, fungua "Details", chagua "Hardware Ids". Nakili namba zote: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, na DEV ndiyo aina yenyewe. Tafuta draiva kwa mtengenezaji, hata kwa simu, uilete kwa flashi. Anza na ya mtandao; nyingine Windows huweza kuzitafuta yenyewe.

Programu za bure zinazodai kuleta draiva zote zikatae. Baadhi huja na virusi, na flashi hiyo hiyo ndiyo yenye vyeti vya watoto wako.