Utelezi wa mawe, musiusugue

Ndugu wakulima, katika koperativi zetu tunaonaka jambo moja: maji ya kuosha banda la nguruwe yanapita kwenye mtaro wa changarawe, kisha mtu anakuja na burushi kusugua mawe "ili yakuwe safi". Kumbe ule utelezi ndio unafanya kazi!

Ni bakteria hai, wameshikamana juu ya jiwe. Pale hewa inafika, wanageuza amonia, ile inayoua samaki katika etangi, kuwa nitrati. Wanaongezeka polepole, ukiwasugua leo, itapita wiki nyingi mbele kazi irudi sawa. Changarawe ikiziba, chimbeni shimo la kutuliza tope kabla ya mtaro.

Maji yakipita tena chini ya changarawe bila hewa, bakteria wengine wanageuza nitrati kuwa gesi ya azoti, inajiendea angani. Hapo sisi tunasita. Azoti hiyo ni mbolea, tena bila faranga. Kama shamba iko karibu, maji ya hatua ya kwanza muyapeleke kwenye mizizi ya migomba na mahindi, siyo kwenye mboga za kuliwa mbichi. Hatua ya pili ifanyike pale maji yanaenda mtoni.

Fosfori yenyewe haigeuki gesi. Nyingi inabaki katika tope. Mukilitoa, mulioze kwanza pamoja na majani makavu.