Kuipa Majina Misitu Mikavu ya Hawaii

Wengi wetu tusikiapo habari za visiwa vya Hawaii hufikiri habari za mvua na majani mabichi mwaka mzima. Lakini pepo zivumazo kutoka kaskazini-mashariki huangusha mvua yake upande mmoja wa milima, na upande wa pili hubaki mkavu. Huko kuna misitu ambayo mgeni huidharau na kuiita vichaka tu. Bwana Joseph Rock, aliyechapisha kitabu juu ya miti ya asili ya visiwa hivyo mwaka 1913, alionyesha kwamba sehemu kavu zina aina nyingi za miti kuliko misitu ya mvua.

Je, misitu hiyo hupangwaje? Mpango mmoja ujulikanao sana ulichapishwa na mabwana wa elimu ya mimea mwaka 1990. Kwanza hutazama kimo cha mahali kutoka pwani. Pili, kiasi cha mvua, na mahali pasipopata inchi 47 hivi kwa mwaka huhesabiwa kuwa pakavu. Tatu, kama mimea yake ni miti, vichaka au nyasi. Kisha kila jamii hupewa jina la mmea unaoitawala. Kuna msitu wa lama, mti wa mbao ngumu usiopukutisha majani. Kuna msitu wa wiliwili, ambao ni ndugu wa mti uitwao muhuti na Wakikuyu, nao hupukutisha majani wakati wa kiangazi.

Karani yeyote ajua kwamba faili lililoandikwa jina lisilo lake ni sawa na faili lililopotea. Na hapa ndipo penye shida. Jina hutolewa kwa kutazama miti mirefu, ilhali mengi huenda yamekwisha haribika chini yake. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za misitu mikavu ya Hawaii zimetoweka, na katika masalio mengi miti mizee ingali imesimama bila mche hata mmoja. Ardhi imefunikwa na nyasi zenye mashuke kama manyoya, zenye asili ya Afrika, zilizopelekwa huko kuwa pambo la bustani. Moto ukipita, nyasi hizo huchipua upesi, lakini miti mingi ya asili hufa. Huo waitwa bado msitu wa lama, au uwanda wa nyasi wenye miti michache? Kwa maoni yangu, uainishaji usioinama kutazama miche haujamaliza kazi yake.

Wiliwili ilipata pigo jingine mwaka 2005, alipoingia nyigu mdogo sana anayetaga mayai katika majani machanga, yakavimba na kuharibika. Miti mingi ilikufa. Wataalamu walimtafuta adui wa mdudu huyo, wakampata Tanzania, na baada ya kumjaribu wakamwachia huru Hawaii mwaka 2008.

Kule Kaupulehu, katika kisiwa kikubwa, kipande cha msitu kilizungushiwa ua mwaka 1956 ili mifugo isiingie. Ua ulizuia mbuzi na ng'ombe, bali haukuzuia nyasi. Miaka mingi baadaye nyasi ziling'olewa na panya wakapunguzwa, na ndipo miche ya miti ya asili ilipoanza kuonekana tena.