DT 125 au DT 175: swali la kuuliza kabla ya kupanda Matamba

Mwulize kijana yeyote hapa Chimala achague kati ya Yamaha DT 125 na DT 175, atakujibu 175 kabla hujamaliza swali. Namba kubwa, pikipiki kubwa, mjadala umefungwa. Mimi huitwa Mama Fundi, nashinda na zote mbili gereji, na wateja wanaonijia na swali hilo ni wa kila aina: mwalimu aliyepangiwa kazi Makete, mnunuzi wa viazi, mchungaji ambaye usharika wake una mitaa iliyotawanyika milimani. Wote nawajibu kwa swali: unakwenda wapi, na nani anakaa nyuma yako?

Kwa asiyezijua, hizi ni zile pikipiki ndefu za porini, tairi za kashata, madigadi ya mbele imeinuliwa juu ili tope lisikwame. Ukoo wa DT ulianza mwaka 1968 na DT-1 ya cc 250. Hawa wadogo wakafuata, na huku kwetu watu wa kilimo, afya na misheni wakazizoea.

Injini zake ni tustroki. Kwenye pikipiki za bodaboda za siku hizi, pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Kwenye tustroki, kila pistoni inapofika juu, moto unawaka. Hakuna valvu za juu wala kamshafti. Petroli na moshi hupita kwenye matundu yaliyochongwa ukutani mwa silinda. Ndiyo maana kijiinjini chepesi kinavuta hivyo, na ndiyo maana kinakunywa petroli kuliko ndugu zake. Ule moshi wa bluu nao ni oili: haizunguki na kurudi, inaungua na kwenda zake.

Sasa zifungue zote mbili uziweke mezani. Pistoni ya 125 ina upana wa milimita 56, ya 175 milimita 66. Safari ya kupanda na kushuka ni ile ile kwa zote, milimita 50. Milimita kumi za upana, basi, ndizo zinazowagombanisha watu kijiweni. Ukipiga hesabu unapata cc 123 na cc 171, kwa hiyo hata hayo majina yao yametiwa chumvi kidogo. Lakini cc 48 juu ya 123 ni karibu asilimia 40, na hiyo si ndogo.

Asilimia hizo huzioni kwenye mwendo wa lami. Mpanda 125 anayejua kazi yake hatakubali aachwe mbali. Utaziona unapokuwa na gia ya pili, kona imebana, mwendo umekufa, na nyuma kuna mtu na gunia. 175 ukiigusa resi inaondoka kutoka chini kabisa. 125 inakuomba kwanza ushushe gia, uibane klachi kidogo, uipandishe resi hadi ilie. Ikishalia, inakwenda vizuri tu. Kijana mwepesi anayependa kuchezea gia ataifurahia. Mtu aliyetoka kazini amechoka, mvua inanyesha, hatafurahia.

Halafu kuna mlima wenyewe. Barabara ya kutoka hapa kwenda Matamba tunaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Unaanzia kwenye joto la Usangu, na ukiendelea hadi Kitulo umefika kwenye mita 2,600 hivi, umevaa koti. Kila unapopanda mita elfu moja, injini yenye kabureta inapoteza takribani moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa imepungua na petroli inayomwagika ni ile ile. Utaijua kwa plagi: inakuwa nyeusi, imelowa. Anayeishi juu moja kwa moja namwekea jeti yenye namba ndogo zaidi, na kwa 125 napunguza pia jino moja kwenye sproketi ya mbele. Kwa bei ya sproketi, 125 inapata roho nyingine mlimani, ingawa kwenye lami itapiga kelele nyingi na mwendo haba.

Binti mmoja muuguzi alinijia akiwa ameletewa zote mbili za mtumba achague.
"Shikamoo Mama Fundi."
"Marahaba mwanangu."
"Ile 175 kiki yake nzito. Mimi mwepesi, 125 si itanitosha?"
"Ukiwa peke yako itakutosha. Chanjo utabeba wapi?"
"Nyuma, kwenye boksi. Na mara nyingine napakia mhudumu."

Nikamwonyesha namna ya kuipiga kiki 175, maana hata mimi si mrefu. Usiirukie. Sukuma kiki taratibu mpaka usikie pistoni inakugomea, iachie irudi juu, kisha shusha mguu wote kwa mkupuo mmoja. Na DT ikizimika mlimani, huhitaji kuhangaika kutafuta fri: bana klachi, piga kiki ikiwa ndani ya gia. Alichukua 175. Angekuwa anafanya kazi Igurusi au Rujewa, kwenye tambarare, ningemwambia abaki na 125 na pesa ya petroli anywee chai.

Leseni nayo isisahaulike: 123 iko upande wa daraja A1, 171 inataka A.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda, na hapa zote mbili ni sawa. Tustroki haina breki ya injini ya kutegemea, 175 inazidi kidogo tu. Zaidi ya hapo, pampu ya oili inafuata resi. Ukifunga resi kabisa na injini inazungushwa kwa kasi na mteremko, pistoni inakwenda karibu kavu. Fungua resi kidogo kidogo kila baada ya kona, vinginevyo itanoki.

Kwenye mtumba, cc ni jambo la pili. La kwanza ni silinda imechongwa mara ngapi. Fungua kichwa, futa kaboni, tazama namba iliyopigwa juu ya pistoni. Ikisoma 25 au 50 bado una nafasi ya kuchonga tena. Ikisoma 100, jua safari ijayo ni ya silinda mpya. 125 nyingi ninazofungua huku zimefika huko mapema, maana zimelizwa maisha yao yote. 175 iliyotunzwa huchelewa.

Na yoyote utakayonunua, usimwamini muuzaji kwamba pampu ya oili ni nzima. Tangi la kwanza changanya petroli na oili ya tustroki mwenyewe, sehemu moja kwa hamsini, huku ukiweka alama kwenye tangi la oili. Ikishuka chini ya alama, pampu inafanya kazi. Isiposhuka, lete gereji kabla ya kona ya kwanza.