Maji ya Kisima Hayafai Kwenye Rejeta

Gari kuukuu likichemsha kwenye foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, dereva hutafuta maji ya karibu. Huko Likoni, kama Kisauni na Changamwe, maji ya karibu aghalabu ni ya kisima, yaliyoletwa kwa mitungi ya lita 20. Yanatiwa kwenye rejeta, mshale wa joto unateremka, safari inaendelea. Uharibifu nao unaanza.

Visima vingi vya ukanda wa pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yamejaa chokaa, na karibu na ufuo huingiwa na chumvi ya bahari. Ndani ya injini chokaa huganda kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta hadi maji yasipite vizuri. Chumvi hutafuna chuma na hata aluminiamu. Kwa mfano, gari aina ya Probox, lililoanza kutengenezwa mwaka 2002, lina injini ya 1NZ-FE katika toleo lake la lita 1.5, na injini hiyo ina bloku na silinda hedi za aluminiamu.

Habari njema ni kwamba kazi ya kuyatoa maji hayo mwenye gari anaiweza nyumbani.

Aianze asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo la karibu baa 1, na ndiyo maana maji ya ndani huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Kikifunguliwa gari likiwa moto, maji hufoka papo hapo na kuunguza uso. Akishakifungua, akague mpira wake: ukiwa umekakamaa au umepasuka, kifuniko kibadilishwe. Akague pia mipira ya maji. Ukoko mweupe kwenye klipu ni alama ya uvujaji wa polepole.

Kisha afungue koki iliyo chini ya rejeta na kukinga maji kwa beseni. Yakitoka na rangi ya kutu, asuuze kwa maji ya mfereji mpaka yatoke safi, halafu ajaze kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Injini iachwe ikiunguruma, kifuniko kikiwa wazi na hita imewekwa kwenye joto, hadi mpira wa juu wa rejeta upate moto na mapovu ya hewa yaishe. Kulanti chakavu isimwagwe uani: ni tamu na ni sumu, na paka na watoto huionja.

Kuna mazoea mengine ya kuachwa, ya kung'oa tamostati eti Mombasa kuna joto. Tamostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, ili injini ipate joto lake la kazi haraka na kubaki nalo. Ikikosekana, injini hukawia kupata moto, hula petroli zaidi na huchakaa mapema. Inayoshukiwa ichemshwe kwenye sufuria isiyo ya mapishi. Isipofunguka, inunuliwe mpya.

Mkono wa mwenye gari unafika mwisho pale anapokuta utando mzito chini ya kifuniko cha oili, wenye rangi ya chai ya maziwa, au maji yanapopungua bila kuvuja popote huku ekzosi ikitoa moshi mweupe mfululizo. Hapo inashukiwa gasketi ya hedi. Bolti 10 za hedi ya 1NZ-FE hukazwa kwa mpangilio maalumu: kwanza kwa spana ya kupimia nguvu, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90 mara mbili. Hedi yenyewe hairuhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05 upande wa bloku. Kabla ya kulipa, mwenye gari amwombe fundi aipime hedi kwa rula ya chuma mbele yake. Ikiwa imepinda, ipelekwe kurandwa kabla gasketi mpya haijawekwa.