Mtafute Samaki, Si Turubai

Piga picha ya mgebuka aliyelazwa juu ya turubai la bluu kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kisha uiagize kompyuta ikuletee picha zinazofanana nayo. Usishangae ikikuletea ndoo za bluu, kuta za bluu na Ziwa Tanganyika lenyewe saa sita mchana. Hesabu yake haina kosa: picha imejaa bluu, na samaki kajibanza katikati.

Programu nyingi za mwanzo za kutafuta picha kwa picha zilijumlisha rangi za picha nzima. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa mfumo wa Blobworld, uliokwenda kwa njia nyingine. Kompyuta ilianza kwa kukusanya pikseli zilizo karibu karibu, zenye rangi na mwonekano wa uso unaoelekeana, ikaigawa picha mapande. Mtafutaji akachagua pande moja tu: hili ndilo nilitakalo.

Hasara ya kutoikata picha mapande ilionekana Kenya, kwenye kuwatambua pundamilia kwa mistari yao. Mnyama mmoja mmoja ana mistari yake, lakini picha mbili zilizopigwa mahali palepale huwa na kichaka kilekile. Programu ingeweza kuoanisha kichaka na kudai imempata pundamilia. Ndiyo maana mfumo uliotumika kuhesabu pundamilia wa Grevy mwezi Januari 2016, kwa picha za wananchi waliojitolea, humtenga kwanza mnyama na mazingira yake.

Gombe, kaskazini mwa Kigoma, kazi ni ngumu zaidi. Tangu Jane Goodall afike mwaka 1960, sokwe wa huko wametambuliwa kwa sura na kupewa majina: Flo, binti yake Fifi, mjukuu wake Frodo. Jicho la mzoefu halihangaiki. Kompyuta, ikipewa manyoya meusi ndani ya kivuli cheusi, huuliza bega linaishia wapi. Programu ya Meta ya mwaka 2023, iliyofunzwa kwa picha milioni 11, hukata kitu kwa kuguswa mara moja tu, ila giza bado huisumbua.

Tena si kila kinachokatwa na kuachwa ni takataka. Samaki wadogo wa miambani wa jenasi ya Tropheus hubadilika rangi kutoka ufuo mmoja hadi mwingine wa Ziwa Tanganyika. Anayewatenga na miamba yao sharti aandike walipopigiwa picha, la sivyo programu itamletea samaki wanaofanana bila kumwambia ni wa ufuo upi.